Je, Wajua? Lupita Nyong'o na Siri ya Kinyago

Je, wajua kwamba kamera ya sinema ilifika Newala kabla Hollywood haijapata studio? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipanda uwanda wa Makonde na msafara wa wapagazi. Katika mizigo yao mlikuwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea. Alikaa Masasi, akakaa Newala, akafika Mahuta, huku akinasa nyimbo na kupiga picha ngoma, na moto wa vita vya Maji Maji bado haujazimika vizuri kusini. Studio ya kwanza ya Hollywood ilifunguliwa 1911. Mtu wa Mkunya, huku Newala, akiambiwa kwamba sinema ni mambo yaliyotufikia jana, ana haki ya kucheka.

Je, wajua kwamba katika uwanda huu mwigizaji akishatambuliwa, kazi imeharibika? Mchezaji wa midimu, ambaye kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma huitwa lipiko, hufunikwa kuanzia utosini hadi miguuni. Kinyago cha Msumbiji hukivika kichwa kizima, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wa kile kinyago. Cha upande wetu mara nyingi hufunika uso, nguo zikamalizia mengine. Wanawake na watoto ambao hawajapita jando huambiwa kwamba huyo si mtu, ni mzimu aliyekuja kusherehekea wari wanaotoka. Kila mtu mzima uwanjani anajua kuna mtu ndani. Hakuna anayemtaja jina.

Hollywood inaendeshwa kwa kanuni ya kinyume. Huko uso ndio mtaji: hubandikwa ukutani, huuzwa kwenye majarida, hulipiwa bima ikibidi. Leo safu hii inamtazama mwigizaji wa jukwaani na wa filamu za Marekani ambaye amecheza kwa kanuni zote mbili, Lupita Nyong'o. Tutamtazama kutoka hapa juu, kwa macho ya watu waliozoea vinyago.

Je, wajua kwamba alizaliwa Mexico City? Ilikuwa tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko katika chuo cha El Colegio de México, enzi ambazo msomi mwenye mdomo nchini Kenya hakulala usingizi mzito. Mtoto hajatimiza mwaka, familia ikarejea Nairobi. Baba alikuja kuwa waziri, na tangu 2017 ni gavana wa Kisumu. Jina Lupita ni la Kimexico, kifupi cha Guadalupe. Jina lake la Kijaluo ni Amondi.

Na Kihispania alikwenda kukisomea akiwa na umri wa miaka 16, aliporudishwa Mexico na wazazi wake kwa miezi saba. Kwa hiyo anazungumza Kijaluo, Kiingereza, Kiswahili na Kihispania. Kiswahili chake kikumbuke, kitatufaa mwishoni.

Je, wajua kwamba Shakespeare ndiye aliyemfungulia mlango? Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet katika Romeo and Juliet pamoja na kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi. Umri mwafaka kabisa: Juliet wa Shakespeare naye hajatimiza 14.

Je, wajua kwamba alianza kazi ya filamu kwa kutumwatumwa? Wakati The Constant Gardener inapigwa Kenya, Lupita alikuwa mmoja wa vijana wa nyuma ya kamera, wale wanaoambiwa lete hiki, peleka kile. Ndipo alipomwambia Ralph Fiennes, nyota wa filamu ile, kwamba anataka kuwa mwigizaji. Fiennes hakumpamba. Alimshauri aingie kazi hiyo iwapo tu hawezi kuishi bila hiyo. Sasa angalia jinsi dunia inavyozunguka. Filamu ile ilimpatia Rachel Weisz tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mwaka 2006. Miaka minane baadaye, tuzo hiyo hiyo, ya kipengele hicho hicho, ilikwenda kwa yule binti aliyekuwa akitumwa.

Je, wajua kwamba filamu yake ya kwanza kama mwongozaji haikuwa ya hadithi ya kutunga? In My Genes, ya mwaka 2009, inasimulia maisha ya Wakenya wenye ualbino, na ilitokana na masomo yake katika chuo cha Hampshire, Marekani. Ilitoka wakati Tanzania ilipokuwa inaandikwa duniani kote kwa sababu ya mauaji ya kinyama ya watu wenye ualbino. Mwaka uliofuata, 2010, majirani zetu wa Lindi Mjini walimpigia kura Salum Barwany, na akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni kuwa mbunge wa Tanzania. Wanaopenda kuicheka Lindi kwa usingizi wake walipe deni hilo la heshima kwanza.

Kati ya hapo na umaarufu kuna Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi ikiwaasa vijana juu ya virusi vya ukimwi. Lupita alikuwa Ayira. Waliokuwa na runinga mwaka 2009 watamkumbuka. Sisi tuliokuwa tunategemea jenereta ya jirani, tusidanganye.

Je, wajua kwamba alipata nafasi katika 12 Years a Slave akiwa bado mwanafunzi? Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya uigizaji katika chuo cha Yale, 2012. Mwongozaji Steve McQueen alikuwa amekwisha kuwapima wanawake zaidi ya elfu moja kwa nafasi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika jimbo la Louisiana. Patsey hakutungwa. Alitajwa katika kitabu cha Solomon Northup cha 1853, mtu huru wa New York aliyetekwa akauzwa kusini. Patsey wa filamu huchuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku moja. Hizo ni karibu kilo 230, yaani unakaribia magunia matatu ya korosho, kwa vidole vya mwanamke mmoja, na bado anachapwa.

Hapa inabidi tukae kidogo, maana habari ya Patsey haiko mbali na Masasi kama ramani inavyodai. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru. Nia yao ilikuwa kurudi upande wa ziwa Nyasa, ambako wengi walikuwa wametekwa. Hawakufika. Walipofika chini ya majabali ya Masasi waliona maji na ardhi, wakasema hapa panatosha. Kijiji kikaota. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, wakakivamia, na watu waliokwisha kuonja uhuru wakatekwa mara ya pili. Misheni ikahamia Newala kwa muda.

Solomon Northup alikuwa huru, akawa mtumwa, akawa huru tena, na dunia ikatoa filamu iliyobeba Oscar ya picha bora ya mwaka. Watu wa Masasi ya 1882 walikuwa huru, wakawa watumwa, wakawa huru, wakawa watumwa tena. Filamu yao iko wapi? Majabali yapo, hayahitaji kupambwa na mtu wa seti. Na uwanda wenyewe wa Makonde, kwa nini wazee walikubali kuishi juu huku kwenye shida ya maji, wakishuka bondeni na mitungi? Sehemu kubwa ya jibu ni hiyo hiyo: chini kulikuwa na wateka watu.

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, Lupita alipanda jukwaani kuchukua Oscar. Akawa Mkenya wa kwanza kuipata kwa uigizaji. Kenya ikasema wetu, Mexico ikasema wetu. Kwetu, ambako ukoo huhesabiwa kwa mama, tungeuliza mama ni nani na shauri lingekwisha: mama yake, Dorothy, ni wa Kenya.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja baadaye gauni lake liliibwa? Februari 2015 alivaa kwenye Oscar gauni la Calvin Klein lililoshonewa lulu zipatazo 6,000, thamani yake ikitajwa kuwa dola 150,000. Siku chache tu baada ya sherehe likachukuliwa chumbani kwake hotelini. Siku mbili zikapita, mwizi akalirudisha mwenyewe, akalitelekeza chooni katika hoteli ile ile, na kulalamika kwamba lulu zake ni bandia. Mwizi anayelalamikia ubora!

Je, wajua kwamba kinyago cha Kimakonde nacho kiliibwa, tena kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam? Hicho hakikurudi baada ya siku mbili. Kilitoweka 1984. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua Paris. Ilipogundulika kwamba kilikuwa mali ya wizi, mazungumzo yakavutwa miaka na miaka, mpaka Mei 2010 ndipo hati za kukirejesha Tanzania zikatiwa saini. Miaka 26. Wari waliokuwa jandoni wakati kinapotea walikuwa wameshazaa wari wao.

Habari hiyo inafanya kipande kimoja cha filamu ya Black Panther, ya 2018, kiangaliwe huku kwa jicho jingine. Killmonger anaingia katika makumbusho ya kubuni ya London, anamuuliza msimamizi habari za vitu vya Afrika vilivyomo kabatini, kisha anaondoka na kinyago. Wazungu wengi waliona hapo mwanzo wa uovu wa mtu mbaya wa filamu. Mmakonde anaona mtu anayefupisha mazungumzo.

Katika Black Panther Lupita ni Nakia, jasusi wa Wakanda, na wanapozungumza Kiwakanda kinachosikika ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Tusonge mbele, hiyo wengi mnaijua.

Je, wajua alichokifanya baada tu ya dunia kuupenda uso wake? Aliuficha. Hapa ndipo ninapotaka watu wa Mkunya wanisikilize. Desemba 2015 ilitoka Star Wars: The Force Awakens, filamu iliyongojwa kuliko zote mwaka ule, na Lupita alikuwa ndani kama Maz Kanata, kikongwe mfupi mwenye ngozi ya chungwa na miwani mikubwa, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja. Huoni hata unyusi wake. Walimbandika vidoti usoni, kamera zikasoma kila msuli unavyocheza, kisha kompyuta ikavika kinyago juu ya mwendo ule. Watu wa biashara walinung'unika: mmempata mwanamke anayepamba majarida yote, halafu mnamfunika?

Mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba 12 Years a Slave ilihusu sana mwili wake, na alivutiwa na kazi ambayo mwili haumo kabisa. Mcheza midimu yeyote anaelewa neno hilo bila kufafanuliwa. Ukivikwa, watu hawasemi tena fulani mfupi, fulani mnene, fulani mtoto wa nani. Wanautazama mchezo tu.

Na hakuishia hapo. Mwaka 2016 alikuwa Raksha, mbwa mwitu mama katika The Jungle Book, sauti peke yake. Mwaka 2024 alikuwa Roz, roboti wa The Wild Robot, anayejikuta kisiwani akimlea kifaranga wa bata bukini. Roz hana hata mdomo unaofunguka. Yote tunayoyajua kuhusu moyo wake yanatoka kooni kwa Lupita, sauti ikianza baridi kama ya mashine ya benki na kupata joto pole pole. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora, na niko tayari kubishana na wapenda Oscar.

Jambo hili la sauti isiyo na uso halipaswi kumshangaza mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza vya video. Filamu ngapi za Kimarekani na za Kihindi tumeziangalia huku msimulizi Lufufu akisimulia juu yake kwa Kiswahili, akiwapa wahusika matusi ambayo hawakuyatukana na busara ambayo hawakuwa nayo? Hatukuona sura yake. Tukitoka nje tulikuwa tunamwigiza yeye, si yule mtu wa kwenye skrini.

Mwaka huo huo wa 2024 akafanya kinyume chake. A Quiet Place: Day One ni filamu ambayo anayepiga kelele anauawa na majitu, kwa hiyo Lupita anaonekana mwanzo mwisho na hasemi ila kidogo sana. Uso bila sauti. Mwenzake katika safari ile ni paka, na yeye alikuwa anaogopa paka kiasi cha kulazimika kupewa mazoezi ya kuwazoea kabla ya kazi kuanza. Ilipokwisha akachukua wa kwake, akamwita Yoyo.

Je, wajua kwamba aliwahi kucheza watu wawili wanaotaka kuuana? Katika Us ya Jordan Peele, 2019, ni Adelaide, mama wa familia, na ni Red, kivuli chake kinachopanda kutoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Sauti ya Red, ile ya kukwaruza, aliichota kwenye ugonjwa halisi wa koo unaokaza nyuzi za sauti. Vyama vya wagonjwa vililalamika kwamba maradhi yao yamefanywa alama ya ushetani, naye akaomba radhi hadharani. Uigizaji wake mle ndani unatisha kwa namna ambayo mkasi hauwezi. Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha ya wanaowania. Sijui walikuwa wanaangalia nini.

Je, wajua kwamba jukwaani alisubiri miaka sita zamu yake? Mwaka 2009, akiwa Yale, aliwekwa akiba katika tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira, inayohusu wanawake waliotekwa na wapiganaji wa Liberia. Akiba ni yule anayekariri maneno yote na kukaa tayari kama mwenye nafasi akiugua. Hakuugua mtu. Baada ya kupata Oscar, akiwa na uwezo wa kuchagua kazi yoyote, aliirudia ile ile: New York 2015, kisha Broadway 2016. Ilikuwa tamthilia ya kwanza Broadway kuwa na waigizaji, mwandishi na mwongozaji ambao wote ni wanawake weusi, na Lupita akawania tuzo ya Tony. Gurira unamfahamu kwa sura: ndiye Okoye, jenerali mwenye kipara wa Black Panther.

Kwa ufupi: katika Queen of Katwe ya 2016 Lupita ni Nakku Harriet, mama wa Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuka kwa mchezo wa sataranji. Mwongozaji ni Mira Nair, mke wa Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtoto wao alitunga na kuimba wimbo mmoja wa filamu ile kwa jina la usanii la Young Cardamom. Siku hizi anaitwa kwa jina lake halisi, Zohran Mamdani, mshindi wa uchaguzi wa umeya wa New York wa Novemba 2025.

Kwa ufupi tena: ameandika kitabu cha watoto, Sulwe, 2019, cha binti anayedhani weusi wake ni kosa.

Je, wajua kwamba si yeye peke yake aliyetoka Kenya akafika Hollywood? Edi Gathegi alizaliwa Nairobi 1979, akalelewa California, na alikuwa na ndoto za mpira wa kikapu mpaka goti lilipomsaliti chuoni. Akachukua darasa la uigizaji akitafuta somo jepesi. Tangu hapo amecheza jukwaani, akawa mnyonya damu Laurent katika Twilight, na katika Superman ya 2025 ni Mister Terrific, yule mwenye kinyago chenye umbo la herufi T usoni. Vinyago havituachi.

Je, wajua kwamba kabla ya hawa kulikuwa na Paul Robeson? Mmarekani huyu mweusi, mwigizaji wa jukwaa na filamu na mwimbaji wa sauti nzito, alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930. Mwaka 1935 alikuwa nyota katika Sanders of the River, filamu ya kuwasifu watawala wa kikoloni ambayo baadaye ilimtia aibu. Miongoni mwa Waafrika waliosimama nyuma yake kama wazee wa kijiji alikuwamo mwanafunzi mmoja mwenye shida ya pesa, Jomo Kenyatta. Rais wa kwanza wa Kenya alipita mbele ya kamera kwa malipo ya siku.

Na sisi kusini tusinyamaze. Rashidi Mfaume Kawawa, mtoto wa Songea, alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwaka 1952, akiwa nyota wake. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wamarekani walipomchagua mcheza filamu Ronald Reagan mwaka 1980 dunia ilishangaa kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Kusini mwa Tanzania tulikuwa tumeshalizoea.

Turudi kwenye jukwaa, kwa la mwisho. Je, wajua kwamba Agosti 2025 Kiswahili kilisikika kutoka jukwaa la Shakespeare katikati ya New York? Ukumbi wa wazi wa Delacorte, ulioko ndani ya Central Park, ulifunguliwa upya baada ya ukarabati wa mamilioni ya dola, na kazi ya kuuzindua ilikuwa Twelfth Night. Tiketi bure, kama desturi ya pale. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita alikuwa Viola, na Sebastian, pacha wake anayedhaniwa amekufa baharini, alichezwa na mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o. Ndugu hao walipozungumza wenyewe kwa wenyewe walitumia Kiswahili, na watazamaji wakaachwa waelewe kwa macho.

Viola amenusurika katika nchi ngeni, na ili aishi salama anavaa nguo za kiume na kujiita Cesario. Enzi za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo aliyemcheza alikuwa kijana wa kiume, aliyejifanya msichana, aliyejifanya mvulana. Ukidhani Waingereza ndio waliobuni mchanganyiko huo, nenda kawaulize wachongaji wa zamani wa uwanda huu habari za njorowe. Ni kinyago cha kiwiliwili, mti uliochongwa matiti na tumbo la mimba, chale zikiwa zimechorwa juu yake, na anayekivaa ni mwanaume. Hucheza kwa hatua za mwanamke aliyeelemewa, akishika kiuno, na wanawake wenye watoto mgongoni humcheka mpaka machozi yakawatoka kwa jinsi alivyopatia.

Lupita angezaliwa Mkunya, midimu angeitazama kwa mbali, kwa vile ni mwanamke. Nalisema bila kulitetea. Huko Msumbiji kumeshatokea vikundi vya wanawake wanaocheza mapiko, na mizimu haijalalamika.

Mwalimu Nyerere aliwatafsiria Waswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hii ya mapacha waliopotezana baharini hakuigusa. Walimu wa Kiswahili wa Newala na Masasi, likizo ya Desemba ni ndefu na kalamu mnazo; mkimaliza, wa kumpa nafasi ya Viola anajulikana, na maneno ya kaka mtu ameshayazoea mdogo wake.